Folda ya Startup, Task Scheduler au rejistri: ipi uitumie ili programu zijifungue ukiingia kwenye kompyuta

Asubuhi za steshenari nyingi za Kigoma mjini, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, zinafanana. Kompyuta inawashwa, mhudumu anaandika neno la siri, kisha anaanza kufungua kimoja baada ya kingine: faili la Excel la mauzo, programu ya skana, kivinjari chenye tovuti ya maombi ya ajira, WhatsApp ya kupokelea nyaraka za wateja. Mteja wa kwanza keshasimama kaunta na flashi mkononi. Umeme ukikatika saa nne na kurudi saa tano, zoezi zima linarudiwa.

Kazi hiyo kompyuta inaweza kuifanya yenyewe, na hakuna cha kununua. Kinachosumbua ni kuchagua, maana Windows peke yake ina njia kadhaa za kufanya jambo hilo hilo, na kila fundi ana yake anayoiapia. Mimi napima kwa swali moja kabla ya yote: nikishaondoka, huyu anayebaki na kompyuta ataweza kukiona nilichoweka na kukiondoa mwenyewe? Njia inayofaulu hapo ndiyo naanza nayo. Nyingine naziendea pale tu hiyo ya kwanza inaposhindwa kazi, na kushindwa hutokea.

Tutenganishe kuwaka na kuingia

Njia karibu zote zilizomo humu zinasubiri mtu aingie kwenye akaunti yake. Kompyuta yaweza kuwekwa, kupitia mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows), ijiwashe umeme unaporudi. Lakini itasimama kwenye skrini ya neno la siri na haitafungua chochote mpaka mtu aandike. Wako wanaomalizia safari kwa kuandika amri ya netplwiz na kuifanya iingie yenyewe bila kuuliza. Nyumbani sawa. Kwenye kompyuta ya kaunta iliyojaa nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na picha za pasipoti za watu, mimi siifanyi hata mwenye duka akiomba.

Folda ya Startup

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika shell:startup, bonyeza Enter. Linafunguka dirisha la folda, mara nyingi tupu. Chochote ambacho njia yake ya mkato iko humo kitafunguka ukiingia. Si lazima kiwe programu: faili la mauzo linakubali, folda ya picha za wateja inakubali, hata anwani ya tovuti inakubali.

Namna ya kuweka ni hii. Acha folda hiyo wazi upande mmoja wa skrini, upande wa pili fungua mahali lilipo faili lako. Shika faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, liburute mpaka ndani ya folda, achia, kisha kwenye kimenyu kinachotokea chagua “Create shortcuts here”. Usilikate na kulibandika faili lenyewe. Folda ya Startup imo ndani ya AppData, ambayo kwa kawaida Windows inaificha, na faili la mauzo likihamia huko mwenye duka atalitafuta kwenye Documents siku nzima akidhani limefutwa.

Kama wahudumu wawili wanapokezana na kila mmoja ana akaunti yake, tumia shell:common startup badala ya ile ya kwanza. Hiyo ni folda ya wote, na kuweka kitu humo kunataka haki za msimamizi.

Kinachonifanya niipende folda ni kwamba naweza kuieleza kwa simu. Mteja wangu mmoja yuko Kasulu, na mazungumzo yetu huwa hivi:

“Shikamoo mama. Bonyeza ile alama ya Windows pamoja na R.”

“Marahaba mwanangu. Kimetokea kiboksi kidogo huku chini.”

“Andika shell, halafu nukta mbili zilizopandana, halafu startup. Usiache nafasi.”

“Haya, limefunguka. Naona Mauzo, naona na kile cha skana ya zamani.”

“Futa hicho cha skana. Cha Mauzo kiache.”

Basi, imekwisha. Jaribu kumwongoza mtu huyo huyo ndani ya rejistri, ghala la mipangilio ya Windows, kwa simu, mtandao unakatika katika, uone.

Sasa udhaifu wake. Wa kwanza ni kwamba folda haijui kusubiri. Maduka mengi hapa yanapata intaneti kwa modemu au kwa hotspoti ya simu ya mhudumu, na hiyo hotspoti hukumbukwa kuwashwa baadaye kidogo. Kivinjari kinafunguka mtandao haujafika, kinaonyesha ukurasa wa kosa, na mhudumu anarudi kubofya kwa mkono kama zamani. Kuna ujanja: andika faili dogo kwa Notepad, lihifadhi kwa jina linaloishia na .bat, ndani yake mistari miwili:

timeout /t 60 /nobreak
start "" "https://portal.ajira.go.tz"

Mstari wa kwanza unasubiri sekunde 60, wa pili unafungua tovuti. Zile alama mbili tupu za nukuu baada ya start usiziruke, kwa sababu amri hiyo huchukua maneno ya kwanza yaliyo ndani ya alama za nukuu kuwa kichwa cha dirisha. Ukiziruka, badala ya tovuti unapata dirisha jeusi lenye anwani juu yake. Ujanja unafanya kazi, ila kwa dakika nzima kunakuwa na dirisha jeusi linalohesabu sekunde, na mhudumu mgeni atalifunga akidhani ni kirusi.

Udhaifu wa pili ni ruhusa. Programu inayotaka haki za msimamizi, ile inayokutolea swali la Yes au No kila ukiifungua, kwa kawaida haifunguki kutoka kwenye folda hii. Ni utaratibu uliokuja na Windows Vista mwaka 2007 na upo mpaka leo. Programu za zamani za skana na baadhi ya zile za mashine za kaunta zina tabia hiyo. Na wa tatu: programu ikijifunga saa sita mchana, folda haina habari. Ilishamaliza kazi yake asubuhi.

Task Scheduler

Udhaifu ule wa kwanza na wa pili, Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows yenyewe, inautibu vizuri. Andika taskschd.msc kwenye kile kiboksi cha R, kisha chagua “Create Task”. Usichague “Create Basic Task”. Inavutia kwa jina, lakini hatua zake hazikupi nafasi ya kuweka ucheleweshaji wala haki za msimamizi. Kwenye “Triggers” weka “At log on” na utie tiki “Delay task for”, dakika moja inatosha kwa hotspoti nyingi. Kama programu inataka haki za msimamizi, kwenye “General” tia tiki “Run with highest privileges”, na lile swali la Yes au No halitokei tena. Hakuna dirisha jeusi, hakuna faili la .bat.

Ukisoma hapo utasema mshindi keshapatikana. Subiri kwanza, maana mambo yaliyowekwa tayari humo ndani hayakuwekwa na mtu anayeishi na umeme wa kukatika.

Fungua kichupo cha “Conditions”. Kuna tiki mtu hakuiweka, imekuja nayo: kazi ianze tu kama kompyuta iko kwenye umeme wa ukutani. Chini yake kuna nyingine: kazi isimamishwe kompyuta ikihamia kwenye betri. Kwa laptopu ya dukani maana yake ni hii. Asubuhi hakuna umeme, unaiwasha laptopu kwa betri, unaingia, na kitu ulichopanga hakifunguki. Hakuna ujumbe wa kosa, kimya tu. Siku nyingine umeme upo, programu imefunguka vizuri, mhudumu yuko katikati ya kuskani cheti cha mtu, umeme unakatika, na programu inafungwa papo hapo ingawa laptopu ina betri ya saa mbili. Watu hulaumu programu. Desktopu nayo haijasalimika: ukiwa na UPS (betri ya akiba) iliyounganishwa kwa waya wa USB, Windows inaweza kuihesabu kuwa betri, na tiki hizo zikaanza kufanya kazi hata kwenye mashine isiyo laptopu. Kwa Kigoma, toa tiki zote mbili kabla hujabonyeza OK. Sijaona sababu ya kuziacha.

Kwenye “Settings” kuna jingine: kazi isimamishwe ikipita siku 3. Duka linalozima kompyuta kila jioni halitaligusa hili. Nyumba ya wageni yenye kompyuta ya kutazamia kamera, isiyozimwa wiki nzima, italigusa, na programu ya kamera itazimika siku ya nne bila mtu kujua. Toa tiki hiyo pia.

Na kwenye “General” kuna chaguo la kuendesha kazi hata kama mtumiaji hajaingia. Wanaolichagua hudhani wanajihakikishia zaidi. Matokeo yake programu inaendeshwa kweli, ukiangalia kwenye Task Manager iko, ila dirisha lake halionekani kwenye skrini. Kwa kitu ambacho mtu atakibofya, acha chaguo la “Run only when user is logged on”.

Halafu kuna lile swali langu la mwanzo. Vitu vilivyo kwenye folda ya Startup vinaonekana kwenye orodha ya Task Manager, ile unayoifungua kwa Ctrl, Shift na Esc; kwenye Windows 11 sehemu yake inaitwa “Startup apps”. Kazi za Task Scheduler hazionekani hapo. Anayerithi kompyuta ataona kitu kinajifungua kila asubuhi na asijue kinatoka wapi. Ndiyo maana kazi zangu zote naziandika kwa Kiswahili na kuzitanguliza neno moja, mfano “DUKA - skana”, na kwenye nafasi ya maelezo naandika ni ya nini. Kwenye orodha iliyojaa majina ya Microsoft na Google, neno DUKA linajionyesha lenyewe.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: faili la mauzo, folda ya picha, WhatsApp na kitu kingine chochote kisichohitaji mtandao upesi wala ruhusa ya pekee, folda. Tovuti zinazosubiri hotspoti na programu zinazotaka haki za msimamizi, Task Scheduler. Duka moja linaweza kutumia zote mbili, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Rejistri, na kile kiboksi cha “Windows Script Host”

Programu nyingi zikisakinishwa hujiandika zenyewe kwenye rejistri, ndani ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, au kwenye njia kama hiyo inayoanza na HKEY_LOCAL_MACHINE kama ni kwa watumiaji wote. Unaweza kuandika humo kwa mkono kupitia regedit. Swali ni kwa nini uandike. Haisubiri, haitoi haki za msimamizi, haiirudishi programu iliyojifunga, na amri yenyewe isizidi herufi 260. Faida inayobaki ni kwa anayesimamia maabara ya kompyuta ya shule na anataka kuweka kitu kwenye mashine zote kwa hati moja ya amri. Kwa duka, mimi siandiki humo.

Kusoma humo, hata hivyo, ni lazima ujue, kwa sababu ndimo vinamojificha virusi vya flashi. Kila mwenye steshenari amekikuta kile kiboksi: unaingia tu, kinatokea cha “Windows Script Host” kikilalamika kuwa hakioni faili fulani la .vbs. Unabofya OK, kinaondoka, kesho kinarudi. Hapo antivairasi imeshafuta faili la kirusi, lakini mstari wa kuliita umebaki kwenye Run, na Windows kila asubuhi inaita jina la mtu aliyekwishahama. Wengine hupiga Windows upya kwa ajili ya hilo na kumtoza mwenye duka. Haihitajiki. Fungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya kuanzia, tafuta jina usilolitambua au lenye alama ya hati ya amri, libofye kwa kitufe cha kulia, chagua “Disable”.

Usipoliona hapo, tumia Autoruns. Ni programu ya bure ya Sysinternals, kampuni ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006, na inakuonyesha mahali pote kwa pamoja: folda, rejistri, Task Scheduler, huduma na pembe nyingine ambazo hata mafundi husahau. Toa tiki, usifute. Ukigundua ulikosea unairudisha. Autoruns ndiyo ya kwanza kuiweka kwenye flashi yangu ya kazi.

Huduma za Windows

Hizi ndizo zinazoanza kabla mtu hajaingia. Programu ya kudhibiti kompyuta kutoka mbali hujiweka hivi, ili fundi aliye Kigoma mjini aifikie mashine ya Kibondo hata ikiwa kwenye skrini ya neno la siri. Programu ya kawaida yenye dirisha usijaribu kuigeuza huduma; tangu Vista huduma hazionyeshi madirisha kwa mtumiaji. Kama msanidi wake hakuiandaa hivyo, achana nayo.

Kabla ya zote, angalia ndani ya programu

Programu nyingi zina swichi yao ndani ya mipangilio: anza ninapoingia, ndiyo au hapana. Ikiwepo, itumie, maana ndiyo rahisi kuliko zote kuizima baadaye. Na Windows 10 na 11 zina ukurasa wa Settings, kisha Apps, kisha Startup, wenye swichi za kuwasha na kuzima kwa programu zilizojiandikisha.

Kwenye ukurasa huo, na kwenye Task Manager, kuna safu inayokadiria kila programu inapunguza kasi ya kuanza kwa kiasi gani. Isome kabla hujaongeza kitu. Kompyuta za mtumba tunazofanyia kazi nyingi zina RAM ya GB 4 na diski kuu ya kuzunguka, na kwenye mashine ya aina hiyo programu sita zinazojifungua kwa pamoja zinafanya mausi yagande mpaka zimalizane. Zima kwanza zile zilizojiweka bila kuombwa, ndipo uongeze zako. Ukiwa na fedha ya jambo moja tu, nunua SSD, diski isiyozunguka. Itasaidia kuliko mpangilio wowote nilioueleza.

Waliohamia Linux

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazina TPM 2.0, kijenzi cha usalama kinachotakiwa na Windows 11. Baadhi ya wenye maduka wamewekewa Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, na kwa suala hili hawajapoteza kitu. Tena wamepata: Mint ina programu inayoitwa Startup Applications, unaongeza kitu, na papo hapo kuna nafasi ya kuandika icheleweshwe sekunde ngapi. Kile ambacho Windows imekigawa kati ya folda na Task Scheduler, hapa kiko kwenye dirisha moja, na mwenye duka anakiona. Kwa kipimo changu, hii inaishinda Windows.

Nyuma ya dirisha hilo ni mafaili madogo yanayoishia na .desktop, ndani ya folda ya .config/autostart kwenye folda kuu (home) ya mtumiaji. Yale ya mfumo mzima yako /etc/xdg/autostart. Ukitaka kuzima la mfumo bila kulifuta, nakili faili hilo kwenye folda yako kwa jina lile lile na uongeze mstari wa Hidden=true.

Mshindani wake ni systemd ya mtumiaji, kile kisimamizi cha Linux kinachoanzisha na kulinda programu. Unaandika faili la .service kwenye .config/systemd/user, unaliwasha kwa systemctl --user enable. Ubora wake ni mmoja mkubwa: ukiandika Restart=on-failure, programu ikianguka inaanzishwa tena yenyewe. Kwa kitu kisicho na dirisha, mfano Syncthing inayonakili mafaili ya duka kwenda kompyuta ya nyumbani, naichagua hii bila kusita. Kwa kivinjari na faili la mauzo, hapana, unajitafutia kazi. Na kuna wanaopenda @reboot ya cron, kipanga ratiba cha Linux. Hiyo huanza mashine inapowaka, haimsubiri mtu wala haijui skrini, kwa hiyo programu yenye dirisha itashindwa.

Mac nimeziona chache mno huku kuweza kusema sana. Fungua System Settings, General, Login Items, ongeza. Tangu toleo la Ventura la mwaka 2022 mfumo unakupa taarifa programu ikijiongeza yenyewe humo, jambo ambalo ningependa Windows iliige.

Kujaribu

Ukimaliza kupanga, jaribu kwa kutoka kabisa kwenye akaunti kwa “Sign out” na kuingia tena. Kufunga skrini kwa kitufe cha Windows na L, kisha kuandika neno la siri, si kuingia upya, na folda haitafungua chochote. Mafundi wengi wamechezea mipangilio iliyokuwa sahihi kwa sababu hiyo. Angalia pia chini ya Accounts, “Sign-in options”, kama Windows haijawekwa ikumbuke programu zilizokuwa wazi na kuzirudisha, la sivyo utaona kivinjari kimefunguka ukadhani ni kazi yako. Kisha, kama ni laptopu, chomoa waya wa umeme na uingie tena.